Ndoo Saba

Mara ile mlima ulipotema moto
Kahambu wa Majengo alipewa ndoo saba.
Saba, mpya zote, kila moja na nembo yake:
ya bluu ina mkono, nyeupe ina njiwa,
nyingine ina maandishi yaliyomshinda hata mwalimu.
Maji hakuna.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango,
Balume na wanawe wanne walihesabiwa mara tatu.
Asubuhi walikuja wenye fulana, wakauliza jina.
Adhuhuri wenye kofia, wakauliza jina.
Jioni wakaja wenye simu pana kama sahani,
wakauliza jina, na kitoto kina wiki ngapi.
Ndoo hata moja.
"Jina langu limeshiba," alisema Balume. "Mimi bado."

Mimi nilikuwa mshika daftari wa avenyu,
daftari la shule, jalada limelambwa na majivu.
Nilipiga mistari kwa rula ya mwanangu:
nyumba, vichwa, wagonjwa, asiyeweza kutembea.
Nikazunguka nalo.
Geti la kwanza, mlinzi: njoo Jumanne.
La pili: tunayo orodha yetu.
La tatu: tunayo orodha yetu.
Nikajua Goma ina orodha kuliko watu.

Basi Jumamosi moja, mlima ukipumua moshi mwembamba,
tulikutana ukumbi wa parokia, kule Ndosho.
Viti vya plastiki, jenereta inakohoa,
fulana, kofia, njiwa, mkono.
Hotuba hazikuwepo. Haya, zilikuwepo mbili; nilizikatiza.
Kahambu akaingia, chukudu ameiacha mlangoni,
akazibwaga ndoo zote saba mezani.
"Chagueni. Hii ichote maji. Hii ibebe dawa.
Hii iende kwa Balume, leo.
Zinazobaki zigeuzeni ngoma,
tusikie mlio kabla ya moto,
si baada yake."

Mtu mmoja akacheka. Akajikuta peke yake.

Kuanzia saa nane hadi giza tulibishana:
nani ana lori, nani ana mafuta na hana lori;
njia ya Sake ikikatika, tupite wapi;
mpaka ukifungwa je;
na bibi Nyirabukara, asiyesikia,
ni mkono wa nani utakaomgusa bega.
Tukayaandika kwa chaki ukutani, majina na kazi,
juu ya mawe meusi, yale yale
yaliyoteremka siku ile yanawaka, yakala shule.

Sijui kama chaki itatii.
Shirika moja halikuja, nafasi yake iko wazi,
nami kila nipitapo naitazama kama pengo la jino.
Usiku, wekundu ukipanda juu ya mlima,
napapasa mfuko: kipande cha chaki kipo.

Kahambu alirudishiwa ndoo mbili.
Moja imetoboka tayari.
Ameijaza udongo, kaotesha lengalenga.