Kivuli cha Dohani

Darasa la Kiingereza liko Katuba, nyuma ya duka la dawa,
saa kumi na mbili jioni, umeme ukikubali.
Mwalimu Numbi anaandika maneno mawili ubaoni,
kisha anapuliza chaki vidoleni
kama mtu anayepangusa unga wa mwisho wa mwezi.

Mimi naandika kwa masikio: shedi. Shado.
Nauliza, Mwalimu, yote si kivuli?
Anasema ndiyo. Anasema hapana.
Anasema, la kwanza unakaa ndani yake,
la pili linakufuata.
Monga, dereva wa malori ya Kasumbalesa,
anayejifunza ili agombane na watu wa forodha ng'ambo
kwa lugha yao wenyewe,
anauliza: na lipi linatozwa ushuru?

Tunacheka. Umeme unakatika.
Gizani hakuna shedi wala shado,
kuna harufu ya dawa ya kikohozi
na Mwalimu akitafuta simu yake mfukoni.

Narudi nyumbani na maneno yale mdomoni
kama mbegu mbili za chungwa, sijui pa kuzitemea.

Uani kwetu hakukuwa na mti.
Mama alipanda parachichi mara tatu,
mara tatu upepo ukageuka, moshi ukashuka
na harufu yake ya kiberiti,
majani yakajikunja kama barua zilizokwisha kusomwa.
Tulichokuwa nacho ni dohani.
Kila alasiri kivuli chake kiliingia bila hodi,
chembamba, kirefu,
kikapita juu ya beseni, juu ya sufuria ya bukari,
juu ya suruali ya kazi ya baba iliyoanikwa,
kikaruka ukuta kwenda kwa kina Chansa.
"Imefika kwenye karo," baba alisema,
akavaa viatu, akaenda zamu.
Hatukuwa na saa nyingine.

Siku za joto la Oktoba tulijipanga ndani yake,
watoto sita, mmoja nyuma ya mwingine, mikono ubavuni,
tukisogea kikisogea,
ili tupoe.
Hatukupoa.

Hiyo, Mwalimu, ni shado.

Kisha kampuni ikazima tanuru.
Baba akapewa barua, na bahasha, na miaka thelathini na mmoja
ikahesabiwa mbele yake kwa dakika nne.
Moshi ukaisha.
Kivuli hakikupata barua.
Kesho yake alasiri kilikuja kazini kama kawaida,
kikagusa karo,
na baba akainama kutafuta viatu.

Lile la pili sikuliona kwa muda mrefu,
maana nililitafuta kwenye miti.
Lilikuwa kwenye foleni ya wastaafu,
ukuta mweupe, jua la saa sita, dirisha limefungwa.
Baba alikuwa ameketi juu ya tofali, kifua kinapiga filimbi.
Mama alifungua kitenge chake,
akakishika juu kwa mikono miwili,
akasimama hivyo.
Wakaitwa watu wa herufi A mpaka K.
Akasimama.
Mikono ilipoanza kutetemeka, kitenge kilitetemeka,
na mwanga ukacheza kidogo kwenye kipara cha baba,
naye, amefumba macho, akasema:
"Kuna upepo leo."

Jana nimemweleza mama somo langu.
Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa.
"Kwani hujui uvuli?" akasema.
"Kivuli ni cha kitu. Uvuli ni wa kukaa.
Umelipa pesa kwa hilo?"

Nimelipa, mama. Faranga za mwezi mzima,
kuvuka mpaka kwenda kuchukua
kitu ulichokuwa umekishika juu ya kichwa.

Kwenye mtihani tuliambiwa tutunge sentensi.
Niliandika kwamba baba aliketi katika shedi ya mama.
Mwalimu amenikata nusu alama.
Pembeni, kwa wino mwekundu, ameuliza:
mti gani huu?