Panya Wasafi

Sinema ya Wervik ilikuwa ghala la tumbaku,
harufu yake bado imo mbaoni.
Joris Vandamme amekaa safu ya mwisho,
jirani na mlango, kama anavyokaa kila mahali
tangu mwaka wa kumi na nane.
Mkewe, Godelieve, amemshikia kofia.

Mwanga ukamwagika juu ya pazia.
Handaki lile limechongwa vizuri mno,
kingo zimenyooka kama kaburi la tajiri.
Mvua inanyesha pale tu walipo watu.
Panya wakapita: wanono, wasafi, manyoya kama yamechanwa.
Wanawake ukumbini wakainua miguu.
Joris hakuinua wake.
Panya wa kwao walikuwa na majina.
Mmoja alikula mshumaa, akala gidamu za viatu,
akaila na barua ya Godelieve
hadi kwenye neno "wako".

Kisha mizinga. Spika zikakoroma,
vumbi la tumbaku likadondoka toka darini,
kijana mmoja akapiga mluzi.
Wakafa wengi pale paziani,
wakafa macho juu, kila mmoja kaimaliza sentensi yake.
Sivyo, Joris akasema, midomo tu.
Achiel hakumaliza hata kukohoa.

Hayo aliyavumilia.
Aliyavumilia na maji ya kiunoni
yasiyo na barafu, yasiyo na uvundo,
yasiyoifanya soksi ishikane na ngozi
mpaka ukivua hujui unavua nini.

Kilichomshinda kilikuwa kidogo.
Mtu mmoja, pembeni kabisa mwa picha, hana la kusema,
amekalia sanduku la risasi
anasugua kijiko kwa kidole gumba.
Kimeshatakata. Anasugua.
Wenzake wanahutubiana habari za nchi na mama;
yeye anasugua.

Nani alimfundisha?
Hilo haliandikwi na mtu wa mjini.
Hilo hulijui mpaka umekaa siku tisa
ukiingojea filimbi.

Joris akasimama. Kiti kikalia kwa kishindo.

Godelieve alimkuta nje, ameegemea ukuta
chini ya taa ya duka la mikate,
kiatu kimoja mkononi, theluji kwenye soksi,
anavipapasa vidole vya mguu, vitatu,
mara ya pili, vitatu.
Hakuuliza. Alichuchumaa, akamvisha.

"Yule wa kijiko," Joris akasema, "alikuwepo."
"Alikuwepo wapi?"
Ndani watu walikuwa wameanza kupiga makofi.
"Funga gidamu," akasema. "Kaza. Kaza zaidi."