Sahani Iliyopinda

Mwezi wa saba, Mabela.
Mleta vifurushi kaiacha mlangoni, juani,
saa saba na nusu ya mchana,
kisha akanitumia picha ya boksi
nijue kwamba yeye amefika.

Nilitoka kazini mbio, bado nina koti la duka la dawa.
Boksi lilikuwa moto kama kifuniko cha sufuria.
Ndani, santuri ya inchi saba,
nyeusi, imejikunja kama papadi.
Zilitolewa nakala mia tatu,
yangu imegongwa muhuri kwa mkono: 217.
Vijana wanne wa Bandung, nyimbo tisa, dakika kumi na moja,
panki ya mbio, ile isiyomeza mate.
Jalada ni karatasi ya fotokopi, limekunjwa kombo,
gundi imemwagikia jina la mpiga ngoma.
Nilianza kulipenda kabla sijalifungua vizuri.

Mama akachungulia. "Umeilipia hii?"
Nimeilipia.
"Na akili zako zote unazo?"
Nusu.

Dawa ya kupinda nilifundishwa na Mundhir wa Salala,
ambaye hatujaonana uso kwa uso,
tunajuana kwa sahani tunazobadilishana tu:
vioo viwili vya dirisha, sahani katikati,
juu yake uzito usio na haraka.
Nikaweka gunia la basmati, kilo ishirini.
Siku tatu nyumba nzima tukala tambi.

Nyingine nilizipata Wadi Kabir, Ijumaa asubuhi,
kwa Iqbal, muuza pasi mbovu
na picha za harusi za watu asiowajua.
Chini ya meza, boksi la sahani za filamu za Bombay,
vidole vikitembea, ta, ta, ta, ta,
mpaka ta moja ikakwama:
uso wa mbwa, herufi zilizokatwa magazetini kwa mkasi.
Mhandisi gani wa mafuta alihama
akaacha hasira zake zote hapa
kwa baisa mia tano?
Moyo ulinipiga. Nikajikaza,
nikaulizia kwanza bei ya pasi.

Watu wananiambia, si yote yamo kwenye simu?
Yamo. Sina jibu la maana.
Napenda kuinuka.
Upande umekwisha hata sijakaa sawasawa,
narudi kuugeuza kama mtu na chapati yake.
Napenda ule mkwaruzo wa mwanzo,
kitunguu kikigusa mafuta.
Napenda kuinamisha sahani chini ya taa
nisome pale mifuo inapoishia, karibu na lebo,
walichokichora kwa ncha ya msumari.
Lugha yao siijui. Lakini hii ya Bandung
haikuhitaji mkalimani:
MAAF, JIRAN.

Siku ya nne nikaondoa mchele.
Imenyooka, si sana.
Sindano inapanda kilima, inashuka, inapanda,
gitaa linayumba kama limelewa,
na juu yake mtoto wa watu anapasua koo.

Mama mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi.
"Huyu kakasirika na nani?"
Sijui, mama. Labda na bosi wake.
Akasikiliza wimbo mzima,
sekunde arobaini na nane,
hajanywa.
"Kheri yake," akasema. "Yeye kamaliza."

Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda changu,
mahali ambapo haketi,
akauliza kama kuna upande wa pili.

Usiku ule tulikula wali.