Herufi Isiyotamkwa

Ithungu anatoza kwa herufi.
Elfu mbili kila moja, rangi juu ya mteja,
na hapa Kasese kila mwenye duka
anataka jina lile lile la kilele.
Saluni Margherita. Margherita Vipuri.
Margherita Chakula cha Kuku, jumla na rejareja.
Hata fundi majeneza, nyuma ya reli iliyokufa,
alilitaka kwa rangi nyeusi, lenye kivuli.

"Hiyo H ni ya nini?"
"Haitamkwi."
"Basi itoe, nisiilipie."
Ndiyo maana mjini mwetu mlima una H
kwa wenye nacho,
na kwa muuza chapati hauna.

Baba yake, Bwambale, alikuwa mpagazi.
Alibeba masanduku ya wageni kwa kamba ya kipajini,
akavuka matope yafikayo mapajani,
akaacha vidole viwili vya mguu kwenye barafu.
Ukimuuliza alifika wapi, hasemi Margherita.
Husema, "Nzururu," kisha hunyamaza,
kama mtu aliyeponyokwa na jina la mkwewe.

Malkia mwenyewe, Ithungu alisikia, alikuwa wa Italia.
Hakukanyaga kokoto ya hapa,
hakutetemeka kwa homa yetu, hakumega bundu.
Alipewa kilele kama mtu apewavyo leso:
labda alishukuru kwa barua,
akaikunja, akaisahau mezani.

Sisi majina yetu huja kwa foleni.
Masika wa kwanza, Biira wa pili,
Kabugho, Mbambu, kisha yeye, wa tano.
Hakuna aliyekesha akifikiri;
tumbo la mama lilihesabu tu.
Kwa hiyo anapochora ile M kubwa,
vilele viwili na bonde katikati,
hujiuliza mlima ulizaliwa wa ngapi.

Mwezi wa tano Nyamwamba ilishuka usiku,
inasukuma mawe mfano wa matrekta.
Kulipokucha saluni haikuwa na ukuta wa mbele,
migomba imelala kifudifudi,
na kipande cha bango kimenasa kwenye mkuyu
mbali huko chini, karibu na mashamba ya pamba.
Kilisomeka GH.
Mama Kule alikishika kwa mikono miwili.
Hakulia. Alisema,
"Umeshuka kuchukua chake.
Ukaniachia ile niliyoilipia bure."

Alikuja wiki ya pili na ubao mpya,
mvungule bado unanuka msumeno.
Ithungu akaupaka nyeupe, mkono wa kwanza, wa pili,
akauegemeza ukutani ukauke.
Ilikuwa saa moja kasoro, mawingu hayajafunga.
Bwambale alitoka na kikombe chake cha chai,
akatazama juu.
"Zamani ilikuwa kofia," alisema.
"Sasa ni plasta."

"Niandike nini?" Ithungu akauliza.
Mama Kule alitazama ubao,
akatazama ule weupe mdogo kule juu
ukimezwa na wingu, upande mmoja, kisha wote.
"Mtu akisimama hapa," alisema, "ataona nini?"
"Nyeupe."
"Na nyeupe ni shilingi ngapi?"

Ithungu alifungua daftari lake la bei.
A mpaka Z, zote elfu mbili.
Alilipekua mpaka kurasa tupu za mwisho,
brashi mdomoni, akihesabu.