Sekunde Nne

Nilizaliwa nikidaiwa sekunde nne.
Hakuna aliyeniambia. Nililijua deni
kwa jinsi mama alivyoitazama miguu yangu
aliponiogesha kwenye beseni la bati, Kadutu,
akipima kwa vidole kutoka goti hadi kifundo
kama fundi anayepima mbao za mtu mwingine.

Saa kumi na moja alfajiri matope ya Bukavu
hung'ang'ania viatu kama mtoto asiyetaka kuachwa.
Yeye mbele, koti la mvua, filimbi mdomoni.
"Ukivuka geti, Nsimire, mimi si mama yako.
Niite Kocha."
Basi kutoka geti hadi geti nilikuwa yatima
mwenye kocha.

Kutoka Nyawera tunapanda. Siku zote tunapanda;
mji huu haujui njia nyingine ya kumfikisha mtu.
Kandoni wanapita akina mama wabeba mizigo,
kamba kwenye paji la uso, gunia la muhogo mgongoni,
shingo zimekakamaa, hawatazami juu.
Siku moja mmoja wao aliniuliza, bila kusimama:
"Mwanangu, unakimbia nini, na wewe huna mzigo?"
Nyuma yangu filimbi ikalia.
Yule mama akacheka, akasema, "Aa. Kumbe."

Jioni anasonga bugali, amekuwa mama tena,
ila macho yake bado yako kazini.
Ananihesabia sambaza: kumi na mbili, mafuta haba.
Baba, ambaye hajawahi kuuliza nimekimbia vipi,
anainamisha sikio kwenye redio
na kunisogezea wa kumi na tatu chini ya ukingo wa sahani.

Usiku ni zamu yangu kulikanda goti lake.
Mawese ya moto, chumvi, kitambaa.
Goti linalia kama bawaba ya mlango wa kanisa.
Hapo ndipo aliposema, akiwa amefumba macho,
kana kwamba analiambia goti, si mimi:
"Mita elfu moja na mia tano. Walitaka wanne wa kwenda Kinshasa.
Wa nne alinipita sekunde nne. Nikasimama Kavumu
kutazama ndege ikiondoka na viatu vya wenzangu.
Ulikuwa mwezi wa tatu. Sikujua kwa nini miguu
ilikuwa mizito vile."

Akanyamaza. Kibatari kikanyamaza naye.

Chini ya blanketi nilihesabu kwa vidole:
mwezi wa tatu hadi wa kumi niliozaliwa.
Vidole saba.
Nilihesabu tena, kwa mkono mwingine, nione kama utanitetea.
Saba.
Kumbe mbio zile tulizikimbia wawili.
Kumbe mimi ndimi gunia,
na kamba ilikuwa kwenye paji lake la uso.

Sikulia. Niliamka, nikachukua kronometa msumarini,
nikaizika ndani ya unga wa muhogo hadi kiwiko
kama mtu anayezika kitovu cha mtoto.

Kesho yake jioni akachota unga.
Nilisikia kikombe kikigonga kitu kigumu.
Cikuru, mdogo wangu, akaacha kutafuna.
Mama akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya kitenge,
akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea.
Akanitazama kwa muda mrefu. Sijui muda gani,
hakuna aliyeupima.
Kisha akaendelea kusonga.
Kwenye sahani yangu sambaza hawakuhesabiwa.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukafunguka kidogo.
Hakuwa amevaa koti. Hakuwa na filimbi.
"Leo kuna mvua," alisema. "Lala, mwanangu."

Kupitia tundu la bati nilichungulia:
juu ya ziwa nyota zilikuwa zimejaa,
na mlio wa tone hata moja haukusikika.

Nikalala macho wazi.
Miguu ikanicheza chini ya blanketi,
haijui kusamehewa.