Kiingilio

Nimelipa.
Mimi, Veidiana binti Nyenza wa Tungamalenga,
nimefungua ncha ya kitenge, nikahesabu noti
mbele ya dirisha la geti,
nilipe nimwone mchana
yule aliyekula kwangu usiku bila kulipa.

Wenzangu wa kikoba wanacheka.
Ndio walioamua: faida ya mzunguko huu
tusigawane sufuria na sabuni,
tukatembee.
Miaka thelathini tunauza nyanya na vitunguu
kando ya barabara hii hii,
tunawapungia wageni mkono kama ndugu zetu,
tunabaki na vumbi lao kwenye meno,
na hakuna aliyewahi kuuliza
vumbi lenyewe linakwenda wapi.

Leo tumo ndani yake.

Kijana anayetuongoza ni mtu wa pwani, Mwinyikombo.
Jua limeshapanda, bado kavaa sweta;
anasema baridi ya Iringa mjini imemkaa mifupani
haitaki kushuka naye.
Kazi aliianzia Saadani.
Huko, anasema, tembo huteremka hadi ufukweni,
wakasimama, wakanusa chumvi,
wimbi likawalamba nyayo,
wakageuka porini
kama watu waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa.

Skolastika anauliza, "Na mashamba je, huko?"
Mwinyikombo anakuna shingo.
"Minazi, mama. Huangusha minazi michanga."
Basi hata kule kuna mtu anapiga debe.

Ruaha Mkuu Septemba hii si mto.
Ni mchanga unaokumbuka njia.

Anazima gari.
"Kulia kwenu," ananong'ona.

Yupo.
Sikio la kushoto limechanika
kama kanga iliyonaswa na seng'enge.
Namjua. Nilimmulika Aprili kwa tochi ya simu,
mahindi yamebeba, ndevu zimeanza kukauka.
Nilipiga debe mpaka kitako chake kikatoboka.
Nilichoma pilipili kwenye mavi makavu ya ng'ombe,
nikakohoa mimi, yeye hakukohoa.
Mistari kumi na saba.
Niliihesabu kulipokucha, nikaiandikisha kwa mtendaji,
nikaambiwa nisubiri kifuta jasho.
Jasho limekauka lenyewe.

Maneno nilikuwa nayo.
Njia nzima, kila rasta, niliyapanga,
kwa Kihehe, maana Kiswahili hakina makali ya kutosha.

Lakini anachimba.
Mguu wa mbele, taratibu,
anakwangua mchanga, anausukuma kando,
anatia mkonga shimoni,
anayavuta maji ya kwanza, anayatema.
Anangoja.
Shimo linajaa kidogo kidogo, kama kisima cha mtu maskini.
Mtoto anapenyeza kichwa chini ya tumbo lake
naye anasogea, anampisha.

Hivyo ndivyo nachimba mimi, Oktoba,
kwa bakuli la plastiki lililopasuka ukingo.
Ya kwanza namwaga.
Ya pili anakunywa mjukuu.

Garini kimya. Simu zote ziko juu
isipokuwa yangu. Nimeiacha kifuani;
tochi yake anaijua.

Akainua kichwa, akatutazama,
mkonga unachuruzika.
Sijui kama alinitambua.
Binadamu tunapenda kudhani tunajulikana.

Jioni, getini, Mwinyikombo anauliza,
"Mmefurahi, mama zangu?"
"Mno!" wanaitika wote.
Ananitazama mimi.
"Namdai," nikamwambia. "Mwandike hivyo kitabuni mwenu.
Namdai, ila nimemwona akimnywesha mtoto."
Akacheka, akadhani ni utani.

Usiku huu nimelitoa debe nyuma ya mlango,
nimeliziba kitako kwa kipande cha bati
na misumari minne.
Mvua haiko mbali, na mbegu nimeshanunua.
Nimeligonga mara moja, kulijaribu.

Sauti si ile.