Tazama Pia

Katika maktaba yetu ya Lindi, kutoka 020.6
hadi 331.88 ni hatua kumi na tatu.
Nilizihesabu siku paa lilipovuja,
ndoo mkononi, nikiwahi rafu ya Sayansi ya Jamii.
Kule wanakaa wakutubi na vyama vyao vya taaluma.
Huku wanakaa wafanyakazi: mishahara, migomo, madai.
Aliyezipanga namba hizi
hakuwahi kungoja mshahara wa halmashauri.

Jumamosi tulikutana, wanachama kumi na wawili,
chumba cha watoto, juu ya viti vya watoto,
magoti yametupita videvu kama panzi.
Ajenda ya nne: sare ya kongamano.
Kitenge cha bluu au cha kijani?
Saa nzima.
Ndipo Somoe Likwinya akanyoosha mkono.

Somoe ana stashahada, na mkataba wa miezi mitatu
uliohuishwa mara kumi na saba.
Mikono yake inanuka mafuta ya taa
anayopaka miguu ya rafu mchwa wasipande.
Chumvi ya bahari hula pini za vitabu vyetu;
yeye huzing'oa moja moja, akashona kwa uzi.
Hakupaza sauti.
"Kitenge nitavaa," alisema.
"Lakini nilipojifungua, siku zangu zilikatwa zote.
Nani humu aliandika barua?"

Mwenyekiti wetu, Dismas Nandonde,
alivua miwani, akaipuliza, akaivaa.
"Dada, hiki ni chama cha taaluma.
Sisi tunalinda kazi.
Wafanyakazi wana chama chao."
Akaongeza kwamba tukianza kudai
Wizara haitatuita tena mezani.
Mimi meza hiyo siikumbuki.
Nakumbuka juisi.

"Huko nako nilikwenda," Somoe akasema,
"kwa hao wanaokata asilimia mbili kila mwezi.
Karani akaniuliza, mkutubi ndiye nani?
Nikaeleza. Akaniandika safu ya Wengineo,
baina ya madereva na walinzi."
Mtu alicheka.
Nadhani nilikuwa mimi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema wakubwa,
na hii iliyo mkononi
tunaipaka vanishi tu, tunaipiga picha.
Tunalinda kazi! Kazi ipi,
ikiwa mwenye kuifanya tumemwacha nje ya mlango?
Taaluma haiamki usiku kunyonyesha.
Taaluma haina deni dukani kwa Mshamu.

Lakini hoja ya Nandonde naijua, nimewahi kuihubiri:
chama chetu kina mabosi na vibarua kwenye daftari moja la ada.
Tukigoma, nani amgomee nani?
Swali zuri. Nililipenda
hadi nilipokumbuka
kwamba saini iliyo chini ya mkataba wa Somoe,
mara zote kumi na saba,
ni yangu.

Usiku niliandika muhtasari. Kitenge: aya tatu.
Somoe nilimweka chini ya Mengineyo,
neno moja: *Lilijadiliwa.*
Nikalitazama neno hilo. Halikuwa kweli.
Nikalifuta.

Nikavuta droo ya kadi za zamani,
zile kompyuta ilizozistaafisha bila kiinua mgongo,
nikachukua moja, nikaandika kwa wino:
Chama cha Wakutubi, Lindi. Muhtasari. 020.6.
Na chini, mahali tunapomwonyesha msomaji njia
asije akaondoka akidhani hatuna:

*Tazama pia 331.88.*
*Tazama pia Likwinya, S.*

Mkataba wa kumi na nane uko mezani.
Jumatatu saa mbili atakuja.
Kadi nimeiweka juu ya mkataba,
kisha chini yake,
kisha juu tena.